UMEME WA HOSPITALI NA UBONGO WA MGONJWA

Mwanachama mmoja wa Ipagala, fundi mwashi ambaye mikono yake imesimamisha nyumba nyingi kati ya hizi zinazoota kila mwezi huko Ilazo na Swaswa, alifika ofisini kwetu juma lililopita akiwa na swali moja. Mke wake ni mgonjwa tangu masika. Hapigi kelele, harushi mawe, hakimbilii barabarani, amekaa tu. Chakula hakitaki, usingizi haumjii, na mtoto mchanga akilia humtazama kama mtu atazamaye mvua ya nchi nyingine. Mara mbili amesema ni afadhali afe. Alipewa vidonge akavimeza kwa miezi kadhaa, navyo havikumfaa. Sasa katika hospitali moja, ambayo hatutaitaja, mhudumu alimwambia mume mlangoni maneno matatu: "Huyu atapigwa shoti." Akaenda zake.

"Ndugu Mhariri," fundi akatuuliza, "mimi umeme naujua. Nimemwona kijana mwenzangu akishika waya juu ya jengo, akaanguka amekufa. Je, huo umeme utauunguza ubongo wa mke wangu, au hautauunguza?"

Swali hili si lake peke yake, wala si swali la mjinga. Mji wetu wa Dodoma ndiko iliko Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, iliyofunguliwa zamani za Waingereza, mwaka 1927, pamoja na Taasisi ya Isanga iliyo chini yake, wanakotunzwa wagonjwa waletwao kwa amri ya mahakama. Kwa karibu miaka mia wagonjwa wamekuwa wakishuka hapa kwa njia ya reli ya kati kutoka pembe zote za nchi. Lakini badala ya kuona fahari kwamba mji wetu unatibu, tumelifanya jina hilo kuwa tusi. Mtoto wa shule akitaka kumwudhi mwenziwe humwambia, "Wewe wa Mirembe." Jina lenyewe, kwa Kiganda, maana yake ni amani. Basi watu waliolelewa na tusi hilo wakisikia kwamba ndani ya hospitali za namna hiyo mgonjwa hutiwa umeme kichwani, si ajabu wakachagua kumficha ndugu yao ndani ya nyumba mpaka afe. Kwa sababu hiyo tumeona si haki kumjibu fundi faraghani na kunyamaza. Tumesoma tulivyoweza, tumewauliza wenye elimu ya kazi hii, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza yatupasa kuuita ugonjwa kwa jina lake. Huitwa sonona. Si uvivu, si deko, wala si dalili ya mtu asiyemcha Mungu. Nabii Eliya mwenyewe aliketi chini ya mti jangwani akaomba roho yake itwaliwe. Sonona ikiwa kali humwondolea mtu nguvu ya kula, kulala, kufikiri na kutumaini, na mwisho humwonyesha kifo kama mlango wa kutokea. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu zaidi ya 700,000 hujiua kila mwaka ulimwenguni. Wangapi kati ya wafanyakazi wetu wameandikwa utoro na kufukuzwa kazi ilhali walikuwa wagonjwa! Msimamizi humwona mtu anaburuta miguu, amechelewa siku tatu mfululizo, hajibu akisemeshwa, humkata mshahara. Angelikuwa na homa angelipelekwa zahanati.

Yuko atakayetuambia kwamba maradhi haya ni ya Wazungu, na kwamba Mwafrika ana jamaa na ngoma za kumliwaza. Twajua kasumba hiyo ilikotoka. Daktari J. C. Carothers, aliyeiongoza Hospitali ya Mathari huko Nairobi tangu mwaka 1938 hadi 1950, aliandika kitabu juu ya akili ya Mwafrika, kikatolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alidai kwamba sonona kwa Waafrika ni adimu, na kwamba Mwafrika huitumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake, hata akamfananisha na Mzungu ambaye sehemu hiyo imekatwa kwa kisu cha daktari. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha maandishi yake mengine juu ya Mau Mau, kana kwamba kudai ardhi yako ni ugonjwa wa kichwa.

Dai lake halikudumu. Mwaka 1979 John Orley na J. K. Wing walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda, walikotumia namna ile ile ya kuuliza iliyokwisha kutumika London. Sonona ilionekana kuwa nyingi zaidi vijijini Uganda kuliko katika mtaa wa London uliolinganishwa navyo. Jambo lenyewe si gumu kulifahamu. Hospitali za kikoloni zilijengwa kwa ajili ya wale waliosumbua barabarani, na askari ndiye aliyewaleta. Mama aliyeketi kimya katika tembe ya Ugogo hakumsumbua mkuu wa wilaya, basi hakuandikwa katika daftari. Na daktari akiangalia daftari lake akasema ugonjwa haupo.

Aliyemjibu Carothers kwa ukali ni Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili aliyejiunga na wapigania uhuru wa Aljeria, katika kitabu chake cha mwaka 1961 ambacho kwa Kiswahili huitwa Viumbe Waliolaaniwa. Twamtaja Fanon hapa kwa sababu ya pili pia. Katika kitabu hicho hicho alieleza habari za Waaljeria walioteswa kwa umeme mikononi mwa Wafaransa, na magonjwa yaliyowapata watu hao baadaye. Ubaya wa umeme mkononi mwa mtu katili hakuna aliyeujua kuliko yeye. Walakini Fanon huyo huyo, katika kazi yake ya hospitali, aliwatibu baadhi ya wagonjwa wake kwa mshtuko wa umeme, na mwaka 1953 aliandika juu ya matibabu hayo pamoja na mwalimu wake, Daktari François Tosquelles. Sisi hatuoni kinyume ndani yake. Kisu cha mnyang'anyi na kisu cha mpasuaji vyote ni chuma. Lakini ndugu zetu wasitake tuseme kwamba kila ashikaye kisu akiwa amevaa koti jeupe ni mpasuaji mwema. Na hilo ndilo tunalotaka kulichunguza.

Matibabu haya yalianza kwa kukisia. Mwaka 1934 huko Budapest Daktari Ladislas Meduna, akidhani kwamba kifafa na kichaa haviwezi kukaa katika mwili mmoja, aliwachoma wagonjwa sindano ya kafuri ili wapatwe na degedege. Dhana yake ilikuwa na makosa, lakini baadhi ya wagonjwa walipata nafuu kweli. Mwezi wa Aprili 1938 huko Roma, Ugo Cerletti na Lucio Bini wakaiacha sindano wakatumia umeme. Cerletti alikuwa amekwenda machinjioni akawaona nguruwe wakipigwa umeme kichwani kabla ya kuchinjwa. Akagundua kwamba umeme wenyewe haukuwaua, uliwatia degedege tu. Mgonjwa wao wa kwanza alikuwa mtu aliyeokotwa na polisi katika stesheni ya reli ya Roma, hana wa kumsemea. Tumeona vema kulitaja jambo hili, maana katika historia ya matibabu haya asiye na wa kumsemea ametokea mara nyingi mno.

Miaka ile ya mwanzo mgonjwa alipigwa umeme akiwa macho. Misuli yote ya mwili ilikaza kwa nguvu kiasi cha kuvunja pingili za uti wa mgongo na kutegua taya. Habari hizo ndizo zilizozunguka dunia, zikaingia katika vitabu na sinema, na ndizo zilizomfikia fundi wetu wa Ipagala. Tena katika hospitali kadhaa za Ulaya na Marekani matibabu yalitumiwa kama fimbo kwa wagonjwa wakaidi. Hayo yalitendeka, na asiyataje kama uzushi yeyote atakaye kuaminiwa na wananchi.

Tangu miaka ya 1950, mahali panapofuata kanuni, mambo ni mengine. Mgonjwa hulala bila kula tangu usiku. Hupewa dawa ya nusukaputi katika mshipa, akapotelewa na fahamu. Kisha dawa ya kulegeza misuli. Hewa ya oksijeni huingizwa kwa barakoa. Kitu laini huwekwa kati ya meno. Vibati viwili hugusishwa kichwani, na umeme mdogo usiozidi ampea moja hupitishwa kwa sekunde chache tu. Ndani ya ubongo hutokea kifafa cha kutengenezwa, ambacho kwa kawaida hakizidi dakika moja. Kwa nje huonekana kidogo sana, pengine vidole vya mguu vikitikisika. Baada ya dakika chache mgonjwa huamka, kichwa kikimuuma, bado hajui vema yuko wapi. Hufanyiwa hivyo mara mbili au tatu kwa juma, na jumla yake ni kati ya mara 6 na 12. Kinachotibu ni kile kifafa, si umeme. Umeme ni kiberiti cha kuwashia tu. Namna kifafa kinavyoiondoa sonona madaktari hawajaimaliza kuifahamu, nao hukiri hivyo.

Je, kinatibu? Mwaka 2003 kamati ya wataalamu wa Uingereza ilikusanya tafiti zilizokuwapo, ikaona kwamba kwa sonona kali matibabu haya huwashinda wale wanaolazwa kwa nusukaputi bila kutiwa umeme, tena huvishinda vidonge. Wako wapinzani, kama John Read na wenzake, wanaosema kwamba tafiti za kulinganisha umeme wa kweli na umeme wa uongo ni chache, ndogo, na zote ni za kabla ya mwaka 1986. Hoja hiyo haikukosa nguvu, na inashangaza kwamba kwa miaka arobaini hazikufanywa nyingine zilizo bora. Hata hivyo madaktari waliomwona mgonjwa aliyekataa chakula na maji akiketi na kula uji baada ya majuma mawili ni wengi, wa nchi nyingi na wa itikadi nyingi, na sisi hatuwezi kuwaita wote waongo.

Sasa tulifikie swali lenyewe la fundi: kuungua kwa ubongo.

Waya wa jengo ulimwua kijana yule kwa sababu umeme wake ulipita kifuani, nguvu nyingi, bila kukatika, na moyo ukasimama. Umeme wa mashine ya hospitali hupimwa, huja kwa vipande vifupi vifupi, na sehemu kubwa yake huzuiwa na ngozi na mfupa wa kichwa. Hauchomi nyama ya ubongo. Watafiti waliwafanyia nyani matibabu ya namna hiyo hiyo, kisha wakachunguza ubongo wao kwa darubini, na mwaka 2004 wakaeleza kwamba hawakuona seli zilizokufa kwa ajili yake. Kwa binadamu zimetumika picha za mashine ya sumaku. Mwaka 2018 ilitangazwa kazi ya vituo vingi iliyowapima wagonjwa 281 wa sonona kabla na baada ya matibabu. Ile sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo hipokampasi, ambayo ni kama ghala la kumbukumbu mpya, haikusinyaa. Ilikuwa imeongezeka ukubwa. Wapo waliolipokea jambo hilo kwa vigelegele. Twawashauri wasubiri: katika wagonjwa hao, aliyeongezeka zaidi hakuwa ndiye aliyepona zaidi. Kuvimba kwa kitu si lazima iwe afya yake. Lililo hakika ni kwamba ubongo hubadilika, na kwamba badiliko hilo si kuungua. Mwaka huo huo huko Denmark walifuata kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 168,000, wakaona kwamba waliotibiwa kwa umeme hawakupatwa na ugonjwa wa kupoteza akili za uzeeni kuliko wasiotibiwa hivyo.

Na kifo? Mwaka 2017 zilijumlishwa taarifa kutoka nchi 32. Katika matibabu 766,180 walikufa watu 16, yaani kama wawili katika kila matibabu laki moja. Hiyo ni hatari ya nusukaputi yenyewe, hatari ambayo kila mtu anayepasuliwa ngiri huikubali.

Lakini tungekuwa tunamdanganya fundi kama tungeishia hapo, maana iko hasara ya kweli, nayo ni ya kumbukumbu. Katika siku za matibabu na majuma machache baadaye mgonjwa husahau anayoambiwa. Mwaka 2010 tafiti 84 zilijumlishwa, zikaonyesha kwamba uwezo wa kufikiri na kushika mambo mapya hudhoofu hasa siku tatu za mwanzo, na baada ya majuma mawili hivi hurudi, mara nyingi ukawa bora kuliko wakati wa ugonjwa. Mambo ya nyuma ndiyo hayana ahadi. Miezi iliyotangulia matibabu, na mara nyingine zaidi ya hapo, huweza kutoboka kama kanga iliyoliwa na mchwa, na baadhi ya matundu hayazibiki. Huyu hakumbuki arusi ya mdogo wake. Yule amesahau aliyemkopesha fedha.

Kwa muda mrefu madaktari wengi waliwaambia wagonjwa kwamba hayo ni mawazo yao tu. Mwaka 2003 kundi moja la watafiti wa Uingereza, ambalo baadhi ya watu wake walikuwa wenyewe wamewahi kutibiwa kwa umeme, lilikusanya maneno ya wagonjwa. Waliosema wamepoteza kumbukumbu kwa kudumu walikuwa kati ya 29 na 55 katika kila mia, kwa kadiri ya uchunguzi. Miaka minne baadaye Harold Sackeim, ambaye si mpinzani bali ni mmoja wa mabingwa wa matibabu haya, aliwapima wagonjwa 347 katika hospitali saba za New York na kandokando yake, akakuta kwamba miezi sita baada ya matibabu hasara bado ilipimika, na ilikuwa kubwa zaidi kwa waliowekewa vibati pande zote mbili za kichwa na kwa waliotibiwa kwa mashine za zamani zitoazo umeme mfululizo. Basi wagonjwa walikuwa wakisema kweli tangu mwanzo. Hapa pana somo kwa kila mwenye cheo, na si cha hospitali tu.

Mwandishi Ernest Hemingway, yule aliyekuja kuwinda katika nchi yetu miaka ya 1933 na 1934, alitibiwa kwa umeme huko Minnesota mwishoni mwa mwaka 1960 na tena mwaka uliofuata. Husimuliwa kwamba alilalamika kuwa wamemnyang'anya kumbukumbu, ambayo ndiyo mtaji wa mwandishi. Julai 1961 alijiua. Hatusemi umeme ndio uliomwua. Sonona ilikwisha kumkamata kabla. Twasema kwamba kumbukumbu ni mali ya mtu, na asiichukue mtu bila kumwambia mwenyewe. Fundi mwashi akisahau vipimo vya msingi aliouchora mwezi jana, au mshonaji akisahau ni nani aliyelipa nusu, hasara hiyo huingia mpaka jikoni kwake.

Ukiyapima hayo yote utaona kwamba usalama hautokani na umeme wenyewe. Hutokana na mambo yanayouzunguka. Vibati vikiwekwa upande mmoja wa kulia badala ya pande mbili, kumbukumbu huumia kidogo. Mashine ya kisasa ya vipande vifupi ni bora kuliko ile ya zamani. Daktari wa nusukaputi akiwapo, oksijeni ikiwapo, mifupa haivunjiki na pumzi haikatiki. Lakini mambo hayo yote ni ya gharama, na hapa ndipo suala la hospitali linapogeuka kuwa suala la siasa.

Mashine ya umeme ni ndogo, hukaa mezani. Mtu wa nusukaputi hupatikana kwa miaka mingi ya masomo, na katika nchi za Afrika ni haba; akipatikana, huitwa kwanza kwenye chumba cha upasuaji kwa mama anayejifungua. Basi hospitali maskini hujaribiwa kutumia mashine bila mtu huyo. Maandishi ya kitaalamu kutoka Nigeria na Malawi, katika karne hii, yameeleza matibabu ya umeme yakifanywa bila nusukaputi. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kusema katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya sheria za afya ya akili kwamba desturi hiyo ikomeshwe. India, nchi yenye maskini wengi kuliko sisi, iliipiga marufuku kwa sheria yake ya mwaka 2017. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba ni anasa ya matajiri. Kama hospitali haina nusukaputi, matibabu haya yasifanywe hapo. Mgonjwa apelekwe panapo nayo, na nauli ya gari lake iwe juu ya umma. Hatuwezi kukubali kwamba mtoto wa mkubwa alazwe usingizi naye mtoto wa mkulima wa mtama apigwe macho, tena kwa mashine kuukuu iliyotupwa na wengine ikaletwa kwetu kwa jina la msaada.

Twataka kadhalika wakubwa wa afya wakumbuke yanayofuata baada ya mgonjwa kutoka. Umeme huondoa sonona, hauizuii isirudi. Sackeim na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba kati ya waliopona kwa umeme kisha wakapewa vidonge bandia, 84 katika kila mia waliugua tena ndani ya miezi sita. Waliopewa dawa mbili za kweli kwa pamoja, walioanguka walikuwa 39. Maana yake ni nini kwa mtu wa Ipagala? Maana yake ni kwamba ikiwa zahanati ya mtaa haina vidonge mwezi huu na mwezi ujao, basi fedha, nusukaputi na kumbukumbu zilizotumika zimemwagwa mchangani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wafanyakazi wanayo haki ya kuuliza mgonjwa wa akili amewekwa wapi ndani ya bima hiyo, na waulize mapema, kabla orodha hazijakauka wino.

Limebaki jambo la ridhaa, ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko yote. Katika nchi yetu mgonjwa hufika hospitali na jamaa zake, na daktari husema na jamaa: baba, mjomba, mume. Desturi hiyo ina wema wake, kwani bila ndugu mgonjwa angelala njaa. Lakini kichwa kitakachopitishwa umeme si cha mjomba. Mtu mwenye sonona hakupoteza akili zote. Mara nyingi anaelewa kila anachoambiwa, ila hana nguvu ya kujibu upesi. Mngoje ajibu. Mwambie kwa Kiswahili chepesi, na kama ni bibi wa kijijini mwambie kwa Kigogo, atafanyiwa nini, atapata faida gani, atasahau nini, na kwamba akikataa hatafukuzwa hospitali. Wako wachache walio katika hatari ya kufa kwa kutokunywa maji, wasioweza kabisa kusema ndiyo wala hapana; kwa hao iwepo sheria na daktari wa pili asiye wa wodi hiyo, na iandikwe. Nje ya hao, kumlazimisha mtu ni kurudi kule stesheni ya Roma.

Watu pia huogopa kusema kweli juu ya kutaka kufa, kwa sababu Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa wakoloni tangu mwaka 1945, katika kifungu cha 217, iliandika jaribio la kujiua kuwa kosa. Huko Kenya Mahakama Kuu iliamua mwezi wa Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Wabunge wetu hawakosi macho ya kusoma hukumu ile.

Fundi alisikiliza maelezo yetu mpaka mwisho, kofia yake magotini. Tulimwambia kwamba ubongo wa mkewe hautaungua; kwamba huenda akasahau mambo ya miezi hii, na mengine asiyakumbuke tena; kwamba, akiwa amefikia hali ya kukataa chakula na kutaka kufa, hatari ya kumwacha vivyo hivyo yaweza kuwa kubwa kuliko ya matibabu, mradi yafanywe ipasavyo. Akauliza kama atamsahau mtoto. Tukamjibu kwamba watoto hawasahauliki kwa matibabu haya, ila pengine hataikumbuka siku ile alipoota jino la kwanza, basi aiandike.

Kisha tukamuuliza sisi: "Na mwenyewe ameulizwa?"

Alinyamaza kidogo, akasema hapana, hakuna aliyemwuliza, hata yeye hakumwuliza. Akatoa kalamu ya seremala sikioni na stakabadhi ya saruji mfukoni, akatuomba tumtajie pole pole maswali ya kwenda kuuliza hospitali. Tulimtajia matano: Je, kuna nusukaputi na mtu wake? Kuna oksijeni? Vibati vitawekwa upande mmoja au pande zote? Nani atampima kumbukumbu kabla na baada? Vidonge vya baadaye vitatoka wapi? La sita aliliongeza mwenyewe, akaliandika juu kabisa kwa herufi kubwa, kwamba kwanza ataketi na mkewe.